Jumapili ya Gari Fupi

Rafiki yetu mwenye duka la nguo alinunua gari la mashindano kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akifunga mizigo kurudi Uingereza. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na wazungu wengi walikuwa wakiuza kila kitu: mashamba, vitanda, hata piano. Rafiki yetu, badala ya kutafuta shamba kama watu wenye akili, alijichukulia gari la kijani lisilo na paa, lenye viti viwili, fupi kiasi kwamba ukiwa umekaa ndani ungeweza kuokota kokoto barabarani. Mama yangu alipoliona nje ya nyumba yetu, alilizunguka polepole, kisha akamuuliza, "Kijana yangu, hii gari wamekuuzia nusu? Ile ingine itakuja lini?"

Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, aliyezaliwa nyuma ya duka la baba yake pale Nyeri mjini, akazungumza Kigujarati na mama yake na Kikuyu na wateja tangu utotoni. Alilipenda lile gari mno. Kila jioni alilipangusa kwa vipande vya kitambaa ambavyo wengine tungevishona vikawa blauzi. Kuliendesha ndiko kulikomtia hofu.

Wa tatu wetu alikuwa karani wa posta, mtu mnene na mcheshi, aliyejua kila kitu kuhusu magari ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa na baiskeli. Leseni alikuwa nayo. Aliwaonyesha watu kama picha ya mchumba. Mimi nilikuwa muuguzi. Udereva nilifunzwa na baba yangu kwenye pikapu yake ya kubebea maziwa, katika matope ya Mukurweini, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za udereva wangu.

Ng'ambo ya Nanyuki kulikuwa na kiwanja cha ndege cha zamani ambacho watu wa magari walikigeuza uwanja wa mashindano. Waliweka mapipa yaliyopakwa chokaa kuonyesha njia, na kwenye kona wakapanga marobota ya majani ya ngano ili atakayeteleza aangukie mahali laini. Jumapili moja walitangaza kwamba wageni nao wanaweza kuingia na kujaribu. Karani alitushawishi wiki nzima. "Gari kama hii kuiweka mjini ni dhambi," alisema. Mama yangu alisema dhambi ni kukosa ibada, lakini tulienda. Mwenye gari alishika usukani polepole, karani akakaa kiti cha pili, mimi nikabanwa katikati yao, goti moja likiwa upande wa gia.

Mwenye gari aliingia uwanjani wa kwanza. Alivaa glavu, akafunga vifungo vyote vya koti, akaondoka kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Magari mengine yalimpita kushoto na kulia. Kwenye kila kona alitoa mkono nje kuonyesha anakokata, kama vile kuna askari wa trafiki anayemtazama. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Ile gari ya kijani, tafadhali, maegesho iko huku nyuma." Watu walicheka. Aliporudi alikuwa akitabasamu, jasho likimtiririka. "Umeona?" akaniambia. "Hata mkwaruzo mmoja."

Ikawa zamu ya karani. Kumwingiza ndani kulituhitaji sote wawili. Alipokwisha kukaa, tumbo lake liliegemea usukani, na katikati ya usukani ndipo palipokuwa na honi. Basi alizunguka uwanja mzima honi ikilia bila kukoma. Madereva wa mbele, wakidhani kuna dharura, walimpisha kwa adabu, naye akawapungia mkono kama mheshimiwa anayekwenda kufungua shule. Alipotoka alituambia, "Mmeona vile wananiogopa?"

Kisha wakanitazama mimi, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kutazama.

Nilivua viatu. Nikafunga kitambaa kichwani, nikatia gia, na lile gari likaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Upepo ulinijaa mdomoni. Mlima ulikuwa mbele yangu, halafu ubavuni, halafu sikuuona tena kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye mapipa. Nilimpita mmoja. Nilisikia sauti ikipiga kelele kwa furaha, ikanichukua muda kujua ni yangu. Baba alinifundisha kwamba penye utelezi usikanyage breki, uache gari liteleze kidogo huku ukilibembeleza. Nikalibembeleza kona ya kwanza, nikalibembeleza ya pili. Ya tatu nilijisahau, nikakanyaga breki.

Dunia ilizunguka. Niliposimama nilikuwa ndani ya majani ya ngano, nikitazama nilikotoka. Mzee mmoja wa kizungu mwenye bendera alinijia mbio. "Mama! Wewe iko mzuri?"

"Niko mzuri," nikamjibu. "Barabara ndiyo sioni."

Akanisukuma, nikamaliza mzunguko nikicheka peke yangu. Mwenye gari alinipokea kwa mbio. Alikagua taa, akakagua boneti, akapiga magoti kutazama chini, ndipo akakumbuka kuuliza kama nimeumia. Gari lilikuwa zima. Akachomoa unyasi mmoja kwenye nywele zangu, akasema kwa sauti ya chini, "Sikujua inaweza kwenda hivyo." Halafu akanipa ufunguo niendeshe mpaka nyumbani. Mvua ilitunyeshea Naro Moru bila paa, na karani akaimba nyimbo za kanisani njia yote kufidia ibada.

Kabla ya Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imeenea Nyeri nzima, na aliyeieneza alikuwa mtu wa posta, kwa hiyo ilifika kila mahali. Nje ya kanisa, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono kwa huruma.

"Nimesikia ati ulikuwa ndani ya hiyo gari ikizunguka. Woi! Ulishikilia nini?"

"Usukani," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanipigapiga begani. "Ulifanya vizuri kumsaidia," akasema.