Betri Niliyoitikisa Sikioni

Nazi huchaguliwa kwa mkono na sikio. Unainyanyua, unaipima uzito, unaitikisa. Ikiwa nyepesi na haina sauti ya maji, achana nayo, mbovu hiyo. Nimeuza nazi Buguruni mpaka mkono wangu unajua kabla sijafikiri, na nikisema hii mbovu hakuna anayenibishia. Ndiyo maana siku ile hata mimi mwenyewe sikujibishia.

Nina pikipiki ya kupelekea nazi kwa mama ntilie wa Posta. Kiki yake ilishakatika, inawaka kwa stata tu, kwa hiyo betri ikizingua lazima nisukumwe. Mwanamke mzima, gunia la nazi nyuma, vijana wa kijiweni wanasukuma huku wanapiga vigelegele, "Mpisheni bibi harusi!" Nilichoka. Nikaapa naenda Kariakoo kununua lithiamu, hiyo betri mpya waliyokuwa wanaisifia kutwa nzima, niachane na hizi za maji zinazozeeka haraka kuliko mimi.

Nikaingia fremu moja ndogo kwenye mtaa wa spea. Mwenye duka alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, ana lafudhi ya Kusini, na duka lenyewe alikuwa amelifungua juzijuzi tu, mlango bado unanuka rangi. Akaniamkia vizuri, akauliza pikipiki yangu ni ya siku nyingi au mpya, na chaji yake ikoje. Nikamwambia ya siku nyingi, na taa zinapanda na kushuka zinavyotaka.

"Basi mama yangu, chukua hii ya maji," akasema. "Lithiamu ni nzuri, lakini haivumilii chaji ya namna hiyo. Itakufa mapema, halafu utanilaumu."

Mimi nikaona ananidharau. Eti kwa kuwa nimejifunga kanga yenye madoa ya tui, lithiamu siiwezi! "Sijaja kuomba ushauri," nikamjibu. "Nipe lithiamu."

Akaishusha kutoka juu. Nikanyoosha mikono yote miwili, nimejiandaa kupokea mzigo. Jamani! Ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu vya mtoto. Nikanyanyua na ile ya maji nilinganishe, nzito, imeshiba. Nikaipeleka lithiamu sikioni, nikaitikisa. Kimya.

"Mbona haina kitu ndani?"

"Ndivyo zilivyo, mama. Hizi hazina maji, wala hayo madini mazito ya..."

"Haina kitu, halafu unaniambia ndivyo ilivyo? Feki hii! Njooni muone, huyu anauza maboksi matupu!"

Anayeijua Kariakoo anajua neno hilo linamfanya nini mtu mwenye duka jipya. Na sauti yangu ni ya sokoni, haijui kuongea kidogo. Watu wakajaa mlangoni. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameshachagua betri yake akairudisha kaunta taratibu, akaondoka bila kuaga. Wengine waliokuwa wanataka kuingia wakageuzia hapohapo. Kijana ameweka mkono kifuani, anasema, "Mama, nisikilize tu." Nani amsikilize? Nilishapandisha hasira. Na niseme tu, nilisikia raha, maana kwa mara ya kwanza mwezi ule watu walinikusanyikia si kwa ajili ya kunisukuma.

Nikaikokota pikipiki mpaka mtaa wa Gerezani kwa fundi wangu, nikamhadithia kwa mbwembwe zote, mpaka na kile kimkono cha kijana kifuani nikakiigiza. Fundi hakucheka. Akachukua kitu mezani, betri ya mteja mwingine, akaniwekea mkononi. Nyepesi vilevile. Nikaitikisa, mazoea mabaya. Kimya vilevile. Akaninyang'anya, akaifunga kwenye pikipiki ya huyo mteja, akabonyeza stata. Ikawaka hapohapo.

"Lithiamu hiyo," akasema. "Na huyo kijana kakushauri vizuri. Kwa chaji yako hiyo mbovu, ungeiua. Mwingine angekuuzia tu, akanyamaza."

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa kutojua, kutojua kunampata kila mtu. Mtu alikataa kunilia hela yangu, na mimi nikamwita mwizi mbele ya mtaa mzima.

Kesho yake nikarudi. Nilipita mbele ya duka mara mbili najifanya natafuta kitu kingine. Kijana alikuwa amekaa peke yake, anapangusa betri ambazo hazina vumbi. Hakuacha kunisalimia. Nikainama juu ya kaunta, nikamwambia nimeijua kweli, anisamehe.

Akanitazama. "Mama, jana ulisema mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia. Samahani unaninong'oneza?"

Hakulisema kwa ubaya, ndiyo maana liliniuma. Nikatoka nje nikasimama palepale watu walipojaa jana yake, uso umenichoma, nikapaza sauti. "Jamani! Betri za huyu kijana ni za kweli! Jana nilimsingizia! Njooni, ni mtu mwaminifu huyu!"

Watu wanapita. Wachache wakageuka, wakanitazama kuanzia kanga mpaka ndala. Nikarudia, nikapaza zaidi. Wanaume wawili wakapunguza mwendo, mmoja akachungulia dukani, nikajua nimempata mteja.

"Twende zetu," mwenzake akamvuta. "Huyo ni mpiga debe wake tu, kalipwa."

Wakaenda. Niliendelea kuita, sauti inakwaruza, na kila nilivyozidi kuita ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyelipwa. Mwishowe kijana akatoka, akanishika kiwiko.

"Basi, mama," akasema. "Ingia kivulini, nikuwekee betri yako ya maji."