Mbwa Saba wa Jirani Yangu wa Jilore

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Jilore nikaambiwa kwamba jirani yangu wa shamba, yule aliyefunza mbwa kuwinda nguruwe mwitu, amefariki. Aliamka akilalamika kifua, akawapa mbwa wake ugali, akaketi mlangoni, na hapo ndipo alipokutwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea nikimkumbuka marehemu nianze kwa kumsifu. Leo naanza kwa kukiri. Miaka yote tuliyopakana nilimwonea mtu huyu wivu, na wivu huo ulinitia katika jambo ambalo sikuwahi kumwomba radhi.

Mimi ni mtu wa Malindi mjini. Shamba la Jilore nimeachiwa na marehemu baba, na katika nyumba tuliyolelewa mbwa hakukanyaga hata uani, kwa kuogopa najisi. Lakini nguruwe haulizi dini ya mwenye muhogo. Kundi moja likipita, asubuhi utakuta matuta yamefukuliwa kama yaliyopitiwa na trekta. Jirani yangu, Mgiriama aliyezaliwa pale pale, hakuwa na bunduki wala ua wa waya. Alikuwa na mbwa saba wa kijijini, mbavu nje, aliowafunza tangu wangali wakinyonya. Aliburuta kipande cha ngozi ya nguruwe vichakani kwa kamba, akakificha, kisha akawafungulia wakitafute. Aliwalaza zizini pamoja na mbuzi ili wajue kwamba mbuzi si windo. Somo la mwisho, na ndilo gumu, lilikuwa kutouma. “Mbwa anayeuma kwanza ndiye anayekufa kwanza,” aliniambia. “Wangu huzunguka na kubweka tu. Nguruwe akishachoka, iliyobaki ni kazi yangu na mkuki.”

Wahenga wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo: vibarua wangu wenyewe walimwuliza yeye lini tupande, nami nimesimama papo hapo. Basi nikanunua mbwa. Alikuwa wa mgeni mmoja wa Watamu aliyekuwa akirejea kwao, mbwa mrefu, manyoya yang'aa. Nilimpeleka Jilore kwa mbwembwe. Jirani akamtazama meno, akampapasa shingo. “Ni mzuri,” akasema. “Niachie miezi mitatu, ndugu yangu, kabla hajaingia porini.” Nikamjibu kwamba huyu ndiye atakayewafunza mbwa wake. Kesho yake asubuhi mbwa saba walimzingira dume la nguruwe kando ya kijito, wakibweka kwa mbali. Wangu alikwenda moja kwa moja akauma. Jino la yule dume lilimpasua tumbo. Jirani yangu akavua shati, akamfunga, akambeba begani hadi kwake, akamshona kwa sindano na uzi.

Baada ya miezi miwili nilikwenda kumchukua. Mbwa alininusa mkono kwa adabu, kisha akarudi kulala miguuni pa yule mtu. “Nenda na mwenyewe,” jirani akamkemea. Mbwa akanifuata mpaka njia panda, akageuka. Nikasema kwa kicheko, “Basi, kaa naye,” lakini moyoni sikucheka.

Wiki hiyo hiyo nilipita kwa chifu kwa haja nyingine, nikadondosha neno kwamba mbwa wa jirani huzurura na siku moja watamwuma mtoto wa shule. Haukuwa uongo mtupu, maana wivu hupenda kuokota kweli inayoumiza. Amri ikatoka mbwa wafungwe, naye akawafunga. Msimu huo nguruwe walimaliza muhogo wake, wakaja kwenye mahindi yangu wakayalaza yote. Nilipokwenda kumpa pole, alikuwa akiwatilia mbwa maji, minyororo shingoni. “Amri ni amri,” akasema bila kuniangalia. “Aliyepeleka neno naye ana shamba. Atachoka.” Wakulima walipomwendea chifu na kumsihi, amri ikaondolewa. Shamba la kwanza alikopeleka mbwa wake lilikuwa langu. Nilidhani hajui.

Mazishini walikuja watu kutoka Magarini hadi Matsangoni, kila mmoja na hadithi ya shamba lililookolewa. Nami nilisimama pale nikijiuliza siku yangu watakuja wangapi. Hata amelazwa jenezani, nilimwonea wivu. Ndipo mkewe aliponiita kando.

“Shemeji, alijua ni wewe. Chifu mwenyewe alimwambia.”

Nikauliza, “Mbona hakunisema?”

“Nilimwambia akuseme. Akakataa. Akasema, nikimwaibisha atahama, na shamba lake likigeuka pori, nguruwe watapata pa kulala karibu yetu.”

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba alinisamehe, maana msamaha ungeniacha na jambo la kujisifia. Sijui kama alinisamehe. Ninachojua ni kwamba miaka ile yote mimi nikimhesabu kuwa mshindani, yeye alinihesabu kuwa mpaka wake wa upande wa mashariki, usioruhusiwa kuota magugu. Huku pwani tunapenda kuulizana nani ni wa mjini, nani wa bara, nani mwenye ardhi na nani mgeni wa juzi. Tunafurahi mwenzetu akipunguzwa kidogo, tukidhani kilichopungua kwake kimeongezeka kwetu. Mimi nilimpunguza jirani yangu msimu mmoja, nikavuna mabua. Siku ya tatu baada ya maziko nilimwendea binti yake, aliyerithi mbwa, nikamwambia, mbele ya mama yake, niliyoyatenda. Alinipa panga, akanionyesha kichaka kilichoota upande wangu wa mpaka, nami nikainama nikaanza kufyeka. Asiyeweza kumpenda jirani kwa ubora wake, na aanze kwa kusafisha upande wake.