Shikamoo Iliyonivunja Taya

Nimewahi kuvunjwa taya kwa sababu ya adabu.

Usicheke kwanza, sikiliza.

Naitwa Mselem, mtoto wa Unguja. Mwaka 2004 nilikuwa naishi Acocks Green, hapa Birmingham. Mchana napanga maboksi ghalani, jioni napiga ngumi za ridhaa.

Kocha wangu alikuwa Gurbachan, Singasinga wa miaka sitini aliyezaliwa Nakuru. Kiswahili alikuwa nacho, ila cha kwake mwenyewe.

Tatizo langu lilikuwa kidevu. Nilikibeba juu kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi.

Gurbachan akanipa mpira wa tenisi niubane kati ya kidevu na kifua, nirushe ngumi raundi tatu bila kuudondosha.

"Mpira naanguka, wewe naanguka," alisema. "Na uma kinga ya meno. Mdomo wazi, taya navunjika. Nasikia?"

Nilisikia. Baada ya miezi minne nikawa nakata vitunguu jikoni na mpira uko palepale. Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akaanza kufunga mlango akiingia kuoga.

Sasa, kulikuwa na Shemsa.

Shemsa alikuwa anasomea uuguzi, na nilimpenda mpaka chakula kikanishinda. Nikapeleka posa kupitia kwa mjomba wangu, kama inavyotakiwa.

Jibu la baba yake, Mzee Azizi, likaja hivi: "Nasikia kijana anapigana. Nitakwenda kumtazama mwenyewe. Nikimwona anapigwa kizembe, kwangu hana mke. Sitaki mwanangu aolewe akauguze."

Mimi na Mzee Azizi hatukuwahi kukaa pamoja. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu msikitini, tena kwa mbali. Kofia nyeupe, ndevu nyeupe, koti la kahawia.

Pambano lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Perry Barr. Mpinzani wangu aliitwa Muzamil, kijana wa Kipakistani wa Alum Rock, mwenye mkono wa kulia mzito.

Raundi ya kwanza hakunipata kabisa. Kidevu chini, mabega juu, ngumi zake zote zinaishia kwenye glavu zangu. Raundi ya pili nikaanza kumchapa mimi. Kila nikipata upenyo nachungulia viti vya mbele. Mkwe simwoni.

Raundi ya tatu, zimebaki sekunde kama arobaini, naongoza kwa pointi.

Nikaiona kofia nyeupe.

Koti la kahawia. Ndevu. Anapita hatua mbili tu kutoka kwenye kamba, na ananitazama usoni.

Ndugu zangu, mimi nimelelewa na bibi yangu Thuwaiba. Kwake yeye, mtu mzima akipita hujamwamkia, kofi linatangulia na maelezo yanafuata. Mwili wangu haukuniomba ruhusa.

Mikono ikashuka. Kidevu kikapanda. Nikaisukuma kinga ya meno pembeni kwa ulimi, nikafungua mdomo.

"Shikamoo, baba!"

Marahaba sikuisikia. Netiweki ilikata.

Nilizinduka Gurbachan amepiga magoti kando yangu. Hasira hakuwa nayo, alikuwa na huzuni tu, na hiyo iliniuma zaidi.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne mimi nafundisha wewe."

Hospitali wakanifunga taya kwa waya. Wiki sita za supu kwa mrija.

Muzamil akaja kuniona, ameleta zabibu. Akaniomba radhi, akasema alinipiga vile kwa sababu alidhani namtukana baba yake.

Baba yake?

Naam. Yule mzee alikuwa baba yake Muzamil, ametoka kununua chai.

Mzee Azizi alikuwa amekaa safu ya nyuma kabisa tangu raundi ya kwanza, na Shemsa pembeni yake. Wameona kila kitu.

Nililia, sioni haya kusema. Nikajua posa imekwenda na maji.

Siku tisa baadaye tukaitwa kwao, mimi na mjomba. Mzee Azizi akazitazama waya zangu kwa muda mrefu.

"Raundi mbili na zaidi sikukuona ukiguswa," akasema. "Halafu ukamwamkia mtu usiyemjua, ukalala. Kujikinga unajua, baba. Adabu unayo, tena imezidi. Binti nakupa. Lakini ngumi unaacha leo. Umeridhia?"

Nilikuwa na hoja. Nilitaka kumwomba aniachie msimu mmoja tu, nimalize nilichoanza. Lakini taya limefungwa, kalamu ninayoandikia majibu iko kwenye koti, na koti limetundikwa mlangoni.

Mzee akasubiri. Mjomba akasubiri.

Kwetu mnajua, binti akiulizwa kama ameridhia kuolewa, akanyamaza, basi kimya chake ndilo jibu.

Mzee Azizi akamgeukia mjomba. "Amenyamaza. Ameridhia."

Mjomba akaitikia, "Ameridhia."

Mzee akaita kuelekea chumba cha ndani. "Na wewe Shemsa?"

Shemsa hakunyamaza hata kidogo. "Mimi nimekubali, baba! Na hilo la ngumi, nimelikubali mara mbili!"

Wazee wakasoma Fatiha. Mimi nikainua mikono, kazi pekee niliyoiweza.

Sijapanda ulingoni tena tangu siku hiyo. Tuna watoto watatu.

Nililojifunza ni hili. Ukiwa ulingoni, shusha kidevu na ufunge mdomo, mzee mwenye busara atangoja kengele ilie ndipo umwamkie. Na kama una jambo la kumpinga mkwe wako, mpinge mapema, taya likiwa bado zima.