Ndoano za Kupita Bariyeri

Walisema sitaweza. Walisema hivyo mtaani Bwiza, tangu kwa wauza makaa hadi kwa kinyozi, kwamba mtoto aliyeshuka milimani na godoro lililoloa mvua hawezi kutoa samaki ziwani. Msemaji wao alikuwa Juma, kijana wa jirani aliyekua akinusa ndagala, dagaa wa ziwani, tangu mgongoni mwa mama yake. "Sha, mutoto wa milima atavua nini mu maji?" aliuliza mbele ya watu. "Atavua homa." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana mgeni hucheka wanapocheka wenyeji. Leo nina diploma ya ufundi wa mitambo ukutani, niliyoisomea Zambia kwa jasho langu, na nyumba niliyoijenga niliporudi, tofali juu ya tofali, bila mjomba wa kunishika mkono. Juma akiniona siku hizi ananiamkia yeye kwanza.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka Bujumbura ile. Shule ilifunguliwa leo na kufungwa kesho, na mwalimu alifundisha dirisha likiwa wazi ili asikie. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko ya plastiki na kamba za migomba, na mechi ilikatizwa na kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku, siyo na kipenga. Tulizijua bunduki kwa sauti kama watoto wa leo wanavyozijua simu. Kisha ikaja ambargo, mipaka ikafungwa, na sukari ikawa kitu cha kusimulia. Tulikula maharage asubuhi, maharage jioni, na Jumapili maharage yenye sombe, majani ya muhogo. Nikikumbuka ladha yake hadi leo nachoka taya.

Sisi tulikuwa tumekimbia nyumba iliyochomwa. Alitupokea Mama Zuena, mwanamke wa Kiislamu ambaye mumewe alikuwa amevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kutafuta bidhaa na hajarudi. Alitupa chumba cha nyuma bila kutudai kodi. Mama yangu aliogopa kila kitu cha nyumba ile: hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. "Mwananje," alizoea kuniambia, "mgeni akivunja, hata njia aliyojia inavunjika."

Maharage yalipoanza kupungua nikasema nitavua. Mama akakunja uso. Kwetu milimani samaki alikuwa chakula cha mtu asiye na ng'ombe, na yeye alikuwa hajawahi kumtia mdomoni. "Ukimuleta huyo mududu wa maji, atapikwa nje," alisema. Lakini hakunikataza, na mnajua maana yake mama asipokataza.

Vifaa vya kuvulia havikuwepo madukani kwa sababu ya ambargo, kwa hiyo niliazima. Mama Zuena alinipa uzi wa mumewe, nailoni halisi ya Kigoma, ya kabla ya vita, laini kama unywele. Mzee Salum, mwenye duka wa asili ya Kiarabu, alinipa ndoano mbili alizozificha ndani ya kopo la chumvi. Kwake ilikuwepo kanuni: ndoano ya kuazima hulipwa kwa samaki, na mwenye ndoano ndiye anayechagua samaki. Haruna, fundi wa magari kule Buyenzi, akanipa bugi, plagi za injini, zilizokufa. Bugi ni uzito mzuri wa kuvulia ukiwa ufukweni. Ina chuma, ina kaure, na ina shingo ya kufungia uzi. Nikauzungusha uzi kwenye mkebe wa maziwa, nikaongeza waya ili samaki wenye meno wasikate, nikakata mwanzi mrefu, nikavaa buti za mpira za marehemu mjomba. Kisu kiunoni, gunia begani. Nilijitazama kwenye kioo cha gari bovu pale kwa Haruna nikaona mvuvi kamili.

Askari wa bariyeri, kizuizi cha njia ya ziwani, hakuona mvuvi. Aliona mtu mwenye buti za mpira kama za waasi, na kitu kirefu begani kama bunduki. Akanilaza chini. Alipofungua gunia akakuta mkebe, waya, na bugi, akadhani ni bomu.

"We, unatengeneza bombe?"

"Apana, afande. Ni ya samaki."

"Samaki gani anakula bugi?"

Wenzake wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniokoa. Buti wakabaki nazo. Mwanzi wakauvunja. Mkebe aliupiga teke ukaingia mtaroni, na maji ya mvua ya asubuhi yakaubeba na uzi wote na ndoano zote, mbele ya macho yangu, yakaupeleka kwenye ziwa lile lile nililokuwa nakwenda mimi.

Nilirudi pekupeku nikasema yote. Mama Zuena alisikiliza, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Uani Juma akasema kwa sauti ya kutusikilizisha, "Nilisema mi. Sasa wamemumalizia hata kumbukumbu ya bwana yake." Mama yangu hakunipiga. Alianza kukunja godoro. Alitaka tuondoke kabla ya kufukuzwa, na tungekwenda wapi? Milimani walikuwa wanauana, na kambini watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Mdogo wangu wa kike alikuwa bado anakohoa. Mama alikuwa ameshafunga kamba ya kwanza mlango wa Mama Zuena ulipofunguliwa.

"Nani amesema muondoke?" aliuliza Mama Zuena. Macho yake yalikuwa mekundu. "Uzi umetoka hapa. Uzi urudi hapa. Mengine mi sijui." Tulibaki, ila kamba ya godoro mama hakuifungua.

Basi huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza wa ufundi, na sikuwa na mwalimu. Nilikaa nikafikiri kama ninavyofikiri leo mbele ya mtambo ulioharibika. Wavuvi wengine huchagua vifaa kwa kumfikiria samaki. Mimi ilinibidi nimfikirie askari kwanza, kisha samaki.

Mwanzi nikauacha kabisa. Nikajifunza kurusha kwa mkono, uzi ukizunguka juu ya kichwa. Mkebe nikaubadilisha kwa chupa ya plastiki isiyo na rangi, ili anayetazama aone hadi ndani kwamba hamna kitu, na nikagundua kwamba uzi unatoka vizuri zaidi shingoni mwa chupa kuliko kwenye mkebe. Mahali pa bugi nikatumia jiwe, lililofungwa kwa utepe dhaifu wa mpira wa baiskeli: likikwama kwenye miamba utepe unakatika, jiwe linabaki, uzi unarudi. Nani atakulaumu kwa kubeba jiwe? Hata hivyo sikulibeba, nililiokota hukohuko. Kisu hapana, uzi nilikata kwa meno. Gunia nikalibadilisha kwa mfuko wa wavu wa vitunguu. Ndoano, alizoniongezea Mzee Salum baada ya kuguna sana, nilizichomeka kwenye kipande cha kandambili nikakivaa shingoni kama hirizi. Uzi wa kuanzia nilichambua ndani ya tairi bovu la lori pale kwa Haruna, nyuzi moja moja, nikazisokota pajani mpaka paja likatoka damu. Na badala ya shati nikavaa blauzi nyekundu ya mdogo wangu, kwa sababu hakuna mwasi duniani anayekwenda vitani na blauzi nyekundu yenye maua.

Askari aliniita kwa kidole. "Leo bombe iko wapi?"

"Leo mi ni mwanamuke wa soko, afande."

Alicheka hadi akakaa juu ya mifuko ya mchanga. Tangu siku hiyo nilipita, na nikirudi nilimwachia samaki mdogo bila kuombwa. Juma na fimbo zake nzuri za kuvulia alikuwa anarudishwa nyumbani. Baada ya wiki chache alikuja kuniuliza, akitazama pembeni, kama nina chupa nyingine. Nilimpa. Sikuwa mkubwa kiasi cha kukataa, ila nilihakikisha kinyozi anaona.

Ziwa lilinifundisha mengine. Viboko walipokaribia nilijifunza kukunja uzi huku nakimbia. Tilapia walikuja kwa minyoo, na kuhe, yule mwenye nyama nene anayegombaniwa na wenye hoteli, alikuja kwa kipande cha ndagala. Kuhe wa kwanza Mzee Salum alimchagua bila aibu, akasema, "Kanuni ni kanuni, mwanangu," na deni la ndoano likafa. Haruna alilipwa tilapia wa kukaanga, akala na mifupa. Na mama yangu, mwanamke wa ng'ombe, siku moja nilimkuta uani akinyonya kichwa cha samaki, amenipa mgongo. Nikarudi nilikotoka kwa kunyata.

Nayaandika haya nimechoka. Nimechoka kwa vita vile, kwa njia ya kwenda na ya kurudi, na kwa kuulizwa na watu kama kweli nilisoma. Jioni nikishuka ufukweni nawakuta vijana wana fimbo za kukunja, mashine za kuzungusha uzi zenye kelele za panzi, fulana zenye mifuko kumi na kofia ya kila mfuko. Samaki akishikwa, anapigwa picha kwanza, anatabasamiwa, anakufa kwa kusubiri. Uzi ukikwama wanaukata na kuuacha ziwani kama mate. Nikiwaambia habari za utepe wa mpira wa baiskeli, wananiita muzehe na kunipa kiti. Wana bahati, na sitaki waipoteze. Wanapita njia ileile na hakuna anayewalaza chini. Lakini ninapowaona wakichagua vifaa dukani kwa rangi, kuna kitu kinanichoma kifuani ambacho sina jina lake.

Siku zile, deni lililobaki lilikuwa uzi wa Mama Zuena. Wa tairi ulikuwa wa kufanyia kazi. Wa kurudisha ulitakiwa uwe nailoni kama ule. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira na kurudi na vitu kichwani. Nilimkaushia samaki kwa moshi, wiki baada ya wiki, mpaka akaniletea bunda la nailoni limefungwa kwa karatasi ya sukari. Sikulifungua. Nilimpelekea Mama Zuena pale barazani, mama yangu amesimama nyuma yangu mikono imefumbatwa, na Juma juu ya ukuta akijifanya anatazama njiwa.

Mama Zuena alichana karatasi, akaanza kupima. Alivuta uzi kutoka ncha ya kidole hadi begani, tena na tena, midomo ikihesabu kimya. Alikuwa ameukunjia mumewe ule wa zamani mara nyingi, mikono yake iliujua urefu wake. Akaacha kupima.

"Ya bwana yangu ilikuwa inafika hapa," alisema.

Uzi ulikuwa umezidi. Akainama, akaukata kwa meno, ule wa kwake akauweka mapajani. Kipande kilichobaki akakizungusha kwenye vidole vyangu, polepole, kama anavyofunga mtu kidonda.

"Hii ni yako," alisema. "Hatudaiane tena. Ambia mama yako afungue ile godoro, iko inaoza na kamba."