Unga wa Muhogo Kwenye Pisti

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ndege sikugusa ndege. Nilifukuza mbuzi. Ilikuwa kwenye kiwanja kidogo cha majani huko kwetu Masisi, mwendo wa nusu siku kutoka Nyamitaba nilikozaliwa. Shefu wa pisti, yaani mukubwa wa ile njia ndege inapokimbilia, alinipa filimbi na fimbo, akasema: "Ndege ikisikika, mbuzi asionekane. Kama moja anabakia, wewe na yeye njo mutajieleza."

Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya musingi tu. Ninyi vijana munaosoma mambo ya ndege kwenye vyuo, mukikuta kosa hapa, sahihisheni. Naandika nilichokiona, na mara nyingine sina hakika kama nilikiona vizuri.

Kilichonishika kwenye ile kazi ni swali. Ndege ilikuwa nzito kuliko ng'ombe wote wa baba yangu, nayo ilipanda. Juu ya nini? Shefu wa pisti alisema ni motere. Lakini kamyo, lori ya mizigo, pia iko na motere, na sijaiona ikipanda. Nikamuuliza mekanisiani, fundi wa ndege, muzee mwenye maneno machache. Siku tuliyoteremka Goma kwa kamyo kuchukua vyuma, aliniambia nitoe mukono dirishani, kiganja kikiangalia chini. Kisha: "Inua kidogo upande wa kidole gumba." Upepo ukaubeba mukono wangu juu, hata sikuuinua mimi. "Mukono wako njo bawa," akasema. "Motere inaleta upepo tu." Niliurudia ule muchezo mpaka Sake, watu wa barabarani wakidhani nawasalimia, nao wakanipungia.

Ni yeye pia aliyenieleza mukia. Piloti akivuta manshi, ule usukani ulio mbele ya kifua chake, kibao cha nyuma kinainuka, upepo unausukuma mukia chini, na pua inapanda. Niliyaandika katika kaye, daftari yangu, pamoja na picha mbaya ya ndege inayofanana na samaki. Kaye hiyo ninayo bado.

Baadaye nilipelekwa Walikale, kwenye kiwanja cha udongo kilichokatwa katikati ya musitu. Kazi yangu ikawa mizani. Nilipima mizigo na watu, na nilionyesha kila kitu kikae wapi. Magunia yote yakiwekwa nyuma, mukia unakuwa muzito, pua inapanda kuliko piloti anavyotaka, na kile kibao hakina tena nguvu ya kuirudisha. Watu hawakupenda mizani. Kuna mama mumoja aliyeshika nguzo ya depo, ghala yetu ya mizigo, kwa siri ili uzito wake upungue. Nilipomwambia aache, akasema: "Papa, kwani unataka kuninunua?"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ndege yetu ilibadilishiwa motere. Kabla ya kubeba watu tena kutoka pisti yetu ilibidi ijaribiwe, tujue inahitaji urefu gani wa ardhi ili iachane na udongo, kwanza ikiwa nyepesi, kisha na muzigo, kisha na muzigo zaidi. Walikuja wawili: Komanda, yaani mukubwa wa mapiloti, na Enjeniere, mwanamuke wa Goma aliyevaa buti kubwa kuliko zangu. Mahali pa watu tuliweka mifuko ya muchanga.

Mara ya kwanza Komanda aliirusha, nasi tulisimama watatu kando ya pisti, Enjeniere, shefu wa pisti wa Walikale na mimi, kuangalia magurudumu yanaachia wapi. Tukatoa majibu matatu. Enjeniere akacheka, lakini nikaona hakufurahi. Mimi nikakumbuka nyumbani: kuku akipita juu ya unga wa muhogo uliotandazwa juani, hata kama humuoni tena, nyayo zimebaki. Nikasema, tumwage unga kwa mistari, mustari mumoja kila metre kumi, tangu mwanzo wa pisti. Mustari wa mwisho uliokatwa na gurudumu njo jibu.

Komanda akaniangalia. "Papa, tunataka kurusha ndege ao kupika bugari?"

"Tutarusha, Komanda. Bugari ni ya kisha."

Enjeniere akakubali. Lakini dekameta, ule ukanda murefu wa kupimia, ulikuwa umebaki Goma. Sisemi ni nani aliyeusahau; inawezekana ni sisi tuliopakia. Nikasema, kwa kiburi kidogo, kwamba hatua yangu ni metre moja, nimepima mashamba ya maharagi tangu utoto. Enjeniere hakuniamini kwa maneno. Alinipima kwenye sementi ya depo kwa rula yake: hatua kumi, metre kumi kasoro kidole. "Sawa," akasema. "Enda."

Tulifanya kazi mpaka saa nane. Ndege ilikata unga, ikapanda, ikazunguka juu ya musitu, ikarudi. Kila mara nilitembea kando, nikahesabu mistari, nikamusomea Enjeniere naye akaandika. Kuku wa jirani walikula mistari miwili, tukaimwaga upya. Mwishoni Komanda alinishika bega. "Wewe iko dekameta yenye miguu. Shefu wa pisti amezeeka, anakwenda pansiyo mwezi kesho. Nitataja jina lako." Kesho yake ndege ingebeba watu wanane na muzigo, kwa hesabu ya ule unga.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, nilipanda kutoka chini ya pisti nikifagia mistari. Nilihesabu hatua bila sababu, mazoea tu. Kati ya mustari na mustari nikapata hatua kumi na mbili. Nikafikiri nimekosa. Nikarudia: kumi na mbili.

Pisti ile inateremka kuelekea mutoni. Ni kidogo, mugeni hawezi kuona, lakini miguu ya muntu wa milima inaona. Nikiteremka hatua inarefuka, nikipanda inafupika. Mistari niliiweka nikiteremka. Basi yale metre kumi ya asubuhi yalikuwa zaidi ya kumi, ndege ilikula ardhi nyingi kuliko nilivyosoma, na urefu wa pisti ulioandikwa kwenye makaratasi ulikuwa wa metre za kweli, si za miguu yangu.

Lakini zaidi kwa kiasi gani? Nikachukua kamba ya kufungia mizigo, nikakimbia sokoni kwa fundi wa nguo, nikaazima metre yake. Alinifuata mpaka mulangoni akiuliza nani anashonewa suruali ya namna ile. Nikafunga fundo kila metre moja, nikarudi kupima mistari niliyokuwa sijafagia. Kumi na moja na zaidi, kila mahali.

Nilikaa kwenye unga. Sitaficha: niliwaza ule ushefu wa pisti. Niliwaza pia kwamba huenda pisti ingetosha tu, na kwamba muntu wa mwaka wa tano hapaswi kusumbua watu wenye diplome. Kisha nikaona kwamba swali la kutosha ao kutotosha halikuwa langu kulijibu peke yangu.

Niliwakuta wakila. Nikaeleza nikiwa nimesimama. Komanda akaacha kutafuna.

"Asubuhi ulisema metre moja."

"Nilisema, Komanda. Nilikosa."

"Na kamba yako iko na hakika gani? Katani ikiloa inafupika."

"Ni kavu. Lakini naweza kukosa tena. Njoo tupime pamoja."

Enjeniere alikuwa amekwisha kuvaa buti. Alipima kwa kamba, akateremka, akapanda, akapata kama mimi. Akapiga hesabu upya kwenye goti lake. "Mbili wanabakia," akasema, "na magunia manne."

"Nitawaambia nini bantu?" Komanda akauliza, akiniangalia mimi.

"Papa atawaambia," Enjeniere akajibu. "Ni miguu yake."

Asubuhi niliwaambia. Wa kwanza kubaki alikuwa mwalimu. Alibeba sanduku lake kichwani, akarudi kwa miguu. Wa pili alikuwa yule mama wa nguzo ya depo, anayekwenda kwa binti yake aliyezaa huko Kirotshe. "Kwa hiyo ni miguu yako njo inaniacha hapa?" akapiga kelele. "Miguu gani hii isiyojua kutembea!"

Ndege ikakimbia, ikapanda. Mbele ya mahali magurudumu yalipoachia ilibaki ardhi, mpaka mutoni. Nilipima kipande kile kwa kamba. Je, wale wawili na magunia manne wangekimaliza? Enjeniere alisema labda, na joto la saa sita lingeongeza ardhi inayohitajika, maana hewa ya moto ni nyepesi, haibebi vizuri. Labda. Miaka yote hii nimebaki na hiyo labda, na kwa haki siwezi kusema kwamba niliokoa muntu. Ninaloweza kusema ni kwamba mama mumoja alichelewa siku tatu kumuona mujukuu.

Jina langu halikutajwa. Ushefu alipewa mwingine, na aliufanya vizuri, pisti haikuwahi kuwa safi hivyo. Dekameta mupya ililetwa. Hata hivyo Komanda, kila alipokuja na ndege ya kujaribiwa, alishuka ngazini akiuliza kwanza: "Papa Kamba iko wapi?"

Siku ya mwisho kabla ya pansiyo nilishuka pisti yote kwa miguu, nikihesabu kama zamani. Ilinipa hatua nyingi kuliko nilizoandika katika kaye miaka ile. Nikaona ajabu: je, wameirefusha bila kuniambia? Nikaleta kamba, nikaianika juani kwanza, nikailinganisha na metre ya fundi, kisha nikapima toka mwanzo mpaka mutoni. Urefu ulikuwa ule ule. Nikaandika hesabu zote mbili, ya miguu na ya kamba, na pembeni nikaongeza: pisti haijabadilika, ni mimi.