Nani Alianzisha Uchoraji wa Kisiwani

Jumamosi iliyopita, mbele ya wachoraji na wanakijiji, nilisoma historia niliyoiandika mwenyewe, na haikuwa ya kweli.

Kila mwaka watu huvuka kwenda kwenye kisiwa kidogo cha mto Ruvubu kuchora vilima vya Ngara. Mimi, katibu wa kamati, nilipewa kazi ya kueleza jinsi shughuli hiyo ilivyoanza, maelezo yaandikwe kwenye bango. Nilimhoji diwani, nikamhoji katekista, nikamhoji hata muuza rangi. Mwenye mtumbwi, Mzee Bukuru, nilimruka. Nilijiambia, atajua nini kuhusu uchoraji? Akili gani hizo!

Basi nikasoma: "Mwalimu Adela alivutiwa na kisiwa, akaamua kukaa kutwa nzima akichora."

"Sikuamua," Mwalimu Adela alisema. "Nilikwenda kwa saa moja tu. Mtumbwi haukurudi mpaka jua linazama. Ningefanya nini? Nikachora mpaka karatasi zikaisha. Picha hizo ndizo zilizowaleta hawa wenzangu."

Watu wakacheka. Kwa ukali wa mwandishi nikauliza, "Nani aliuchukua mtumbwi?"

Mzee Bukuru alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, si wewe? Ulikuja na madumu ya pombe ya ndizi, ya harusi ya dada yako. Hapa kwetu anayepeleka pombe ya harusi hanyimwi mtumbwi. Nikakuambia kuna mwalimu kisiwani, ukasema unarudi sasa hivi."

Niliikumbuka harusi. Nilikumbuka hata nyimbo.

Fundi wa bango, brashi mkononi, bado anasubiri tumwambie aandike jina la nani kuwa mwanzilishi.