Miche Mitatu ya Ngazi

Harufu ya ngazi, matunda ya muchikichi, zikichemka kwenye pipa, siiwezi mpaka leo. Majirani wangu hapa Kasongo wakikamua mawese, mimi ninafunga mulango. Wanasema niko na kiburi. Waache waseme. Ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Tulitoka ng'ambo ya muto Luama, tukapokelewa upande wa Wamaza na muzee Asani. Ninamutaja jina, sababu alikula kuku ya baba yangu, akamuonyesha shamba kwa kidole chake mwenyewe: "Lima, ndugu yangu. Muhogo, karanga, mupunga. Ila mungazi usipande." Kule, mwenye kupanda mungazi, muti wa mawese, ndiye mwenye udongo, yeye na wajukuu wake. Baba alijua. Mimi hakuna aliyeniambia.

Zaina, binti ya Asani, alikuwa rafiki yangu. Siku moja akang'oa miche mitatu kwao, akaniletea ndani ya kitenge. Tukaipanda nyuma ya jiko, tukaimwagia maji ya kuoshea sahani, tukaipa majina ya wachumba wetu wa muchezo. Wa kwangu ulikuwa munene kupita yote, nikajisifu wiki nzima.

Ramazani, kaka yake, ndiye aliyeiona. "Baba, kuya uone! Wageni wako wanapanda ngazi!"

Asani alifika na wanaume na mapanga. Baba akapiga magoti. "Muzee, ni muchezo ya watoto."

"Leo muchezo. Kesho mutazika mutu wenu hapa, museme udongo ni wenu. Wavulana wangu saba watalima wapi?"

Zaina alikuwa pale. Hakusema ni yeye aliyeleta miche. Na mimi sikumutaja.

Walikata muhogo yote, wakachoma nyumba. Tukashika njia ya Kasongo kwa miguu. Mudogo wangu Pierre, homa ilimumaliza njiani.

Nilikua nikisema ni roho mubaya ya Asani tu. Baadaye nikasikia habari ya kapita Musafiri, mukubwa wa kijiji: mabonde yote mazuri alikuwa amemupa tajiri mumoja wa mujini, Asani akabaki na kipande. Kwa kapita hakuna aliyethubutu kupeleka panga. Sisi tulikuwa karibu, na hatukuwa na mutu wa kutusemea.

Leo niko na shamba yangu, ndogo. Juzi familia moja iliyokimbia vita ilisimama kwangu, ikaomba pa kulima. Kabla ya kuwapa hata maji, nilihesabu watoto wao. Wanne, wote wavulana. Nikawaambia wakaulize mbele.

Siku ile nikamuelewa Asani. Yote aliyotufanyia, hakuna lililoniuma kama hilo.